Kuku Aliyekataa Kutembea

Nilijua kukanda migongo kabla mdogo wangu hajajua kushika chupa ya mafuta. Ni mtoto wa mama yangu mdogo, na mimi ndiye niliyemfundisha. Miaka hiyo ya hamsini, wanawake waliotoka kujifungua mtaani Ng'ambo na walioteguka viuno wote walikuwa wangu. Lakini kuunga mfupa uliovunjika ni elimu nyingine, na mwenye elimu hiyo alikuwa bibi mmoja wa Bububu. Alitupokea sote wawili, akatwambia mapema kwamba atakayerithi kazi yake ni mmoja.

Basi yule mtoto! Alichoonyeshwa mara moja alikishika. Bibi akimsifu, mie chai yangu naiacha ipoe. Nnasema kweli, nilimwonea wivu mpaka nikachukia hata anavyocheka.

Mtihani wetu ulikuwa wa kuku, kama desturi ya waungaji. Bibi aliwavunja miguu kuku wawili, akatupa kila mtu wake amuunge. Wangu nilimtunza kama mgeni wa Idi: nilimfunga kamba chini ya kitanda asijiumize, mtama nikamlisha kiganjani. Mwenzangu, wake alimwachia uani, akichechemea na wenziwe kuparura taka. Nikasema moyoni, huyu keshaumbuka.

Siku ya kufungua vijiti tulivyowafungia miguuni, Bibi aliuminyaminya mguu wa kuku wangu, akamweka chini. Kuku akaketi. Akamsukuma, akalala ubavu. Yule wa mwenzangu alikuwa keshafika mlangoni.

"Mfupa umeunga, mwanangu," Bibi aliniambia. "Lakini kuku wako hatembei."

Kazi akapewa mdogo wangu. Majirani wakanambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikawajibu kushindwa nakubali, kushindwa na niliyemfundisha mwenyewe ndiko kunakonikera.

Mwaka wa pili wake, mama yangu, niliyekuwa nikikaa naye, aliteleza kisimani akavunjika mguu. Nikaja mbio na vijiti vyangu na vitambaa. Akaitazama mikono yangu, kisha akasema taratibu, "Mwite mdogo wako."

Nikamwita. Nikachemsha maji, nikamshikia mdogo wangu mguu wa mama akiuunga. Muda wote wa kuuguza, mama nilimwogesha mimi, nikamlisha mimi. Alipopona, matembezi yake ya kwanza yalikuwa kwenda kwa yule mdogo wangu kumshukuru, na mimi nyuma yake nimebeba sinia la halua.