Pale Valini Inapogusa

Mwalimu Fransiska alizaliwa Kate, wilaya ya Nkasi, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na ulezi, na hata leo ukimpa jembe atakuacha nyuma. Tulifundisha pamoja katika sekondari moja ya Sumbawanga, yeye baiolojia, mimi jiografia. Alikuwa mpole ofisini, ila ukimgusia habari za damu alibadilika. Angekushika mkono mpaka chai yako ipoe.

Sababu ilikuwa mdogo wake, Kasimiri. Huyu ni fundi cherehani, mtu wa utani na mashati yaliyonyooka, na alizaliwa na selimundu. Chembe zake za damu, badala ya kuwa duara na laini, hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa. Zikikwama, anaumwa mifupa mpaka anauma shuka. Na baridi ya huku kwetu mwezi wa sita na wa saba haimhurumii. Alipokuwa mdogo wazazi walimpeleka kwa shangazi yao Kipili, kwenye joto la ziwa. Baridi ikamwacha, malaria ikampokea. Wakamrudisha juu.

Baba yao alipofariki, mama yao, Mama Bertilla, alihamia Pito, nje kidogo ya Sumbawanga, kukaa na wanawe hao wawili. Hapo ndipo Fransiska alipoanza kusomea shahada ya pili kwa masafa. Msimamizi wake alimwambia achague protini yoyote, achunguze jinsi sehemu zake zinavyogusana. Fransiska hakufikiri mara mbili. Alichagua himoglobini ya selimundu.

Mimi niliingia kwenye habari hii kwa sababu ya kompyuta. Yake iliharibika, nikamwazima yangu, na Jumamosi moja mchana nikaenda Pito kusalimia na, niseme ukweli, kuangalia kama kompyuta yangu bado nzima.

"Shikamoo mama," nilimwamkia Mama Bertilla, aliyekuwa anamenya viazi vitamu uani.

"Marahaba mwanangu. Ingia, mwenzako yuko ndani tangu asubuhi. Hata chai hajanywa."

Fransiska hakugeuka nilipoingia. Kwenye skrini kulikuwa na kitu kama furushi la nyuzi, nusu ya bluu, nusu ya njano.

"Kaa," alisema. "Nakuonyesha kitu. Wewe si mtu wa ramani? Hii ni ramani."

Akanieleza. Wanasayansi wa mbali huko waliigandisha himoglobini hii ikawa fuwele, wakaipiga eksirei, wakajua kila atomi iko wapi. Kisha wakaiweka wazi mtandaoni, kwa yeyote mwenye bando. Protini, aliniambia, ni mnyororo wa vipande viitwavyo asidi amino, kimoja kimeshikana na kinachofuata. Lakini mnyororo haukai umenyooka. Unajikunja na kujisokota, mpaka kipande cha mwanzoni kinajikuta kimelala kifuani kwa kipande cha karibu na mwisho. Kugusana huko ndiko kunakoifanya protini iwe na umbo, na umbo ndilo linaloifanya iweze kubeba oksijeni. Yeye alikuwa ameandika programu fupi inayopita kwa kila kipande na kuuliza swali moja tu: nani yuko karibu nawe?

"Karibu kiasi gani?" niliuliza.

"Chukua milimita moja, ikate vipande milioni kumi. Karibu maana yake ni kama vipande vinne hivi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alibonyeza. Majibu yakaanza kushuka kwenye skrini, mistari juu ya mistari, na kila mstari ulikuwa majirani wawili wanaogusana. Sikujua kama mtu anaweza kujisikia mdogo mbele ya orodha ya majina asiyoyaelewa, lakini ndivyo nilivyojisikia. Yote yale yalikuwa yakiendelea ndani yangu nikiwa nimekaa kwenye kigoda, bila mimi kuyatuma.

"Hayo ni ya ndani ya molekuli moja," alisema Fransiska. "Ya kawaida. Sasa nauliza yale yanayogusana kutoka molekuli moja kwenda nyingine. Himoglobini hazitakiwi kushikana. Zinatakiwa kupishana tu kwenye damu."

Akabonyeza tena. Safari hii ilitoka mistari michache tu. Akainama karibu na skrini, akaweka kidole kwenye mmoja.

"Kasimiri!" aliita. "Kasimiri, njoo!"

Kasimiri alitoka chumbani na sindano ingali mdomoni, suruali ya mteja begani. Fransiska aliikuza picha. Kwenye molekuli ya bluu kulikuwa na kinundu kidogo kimechomoza. Kwenye ile ya njano kulikuwa na kishimo. Kinundu kilikuwa kimeingia kwenye kishimo, kimekaa humo kama kimezaliwa humo.

"Hii ni valini, kipande cha sita cha mnyororo," alisema. "Kwangu na kwa mwalimu huyu, damu yetu mahali hapa ina glutamati. Glutamati inapenda maji, inabaki nje, haisumbui mtu. Valini inakimbia maji. Inatafuta pa kujificha. Na kishimo hiki kipo, kati ya vipande viwili vingine, fenilalanini na leusini. Kila mtu anacho. Ila kwetu sisi hakuna wa kukiingia."

"Halafu?"

"Molekuli ikishatoa oksijeni, inabadilika umbo kidogo, kishimo kinakaa tayari. Valini inaingia. Hii inaishika ile, ile inaishika nyingine, inakuwa kamba ndefu. Kamba zikijaa, chembe inajikunja."

Kasimiri alitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kola ya shati. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na skrini.

"Dada. Maumivu yale yote. Ni haka?"

"Ni haka."

"Haka kamoja."

"Kamoja. Katika vipande mia moja na arobaini na sita vya mnyororo huo, kimebadilika kimoja."

Nilidhani atakasirika. Badala yake alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani, "Kumbe nina kitu cha ajabu namna hii," na sijawahi kumsikia mgonjwa akisema hivyo juu ya ugonjwa wake.

Mama Bertilla alikuwa ameingia na sinia la viazi, amesimama mlangoni. Alikuwa amesikiliza yote.

"Mimi nina swali," alisema. "Kama alizaliwa nako, mbona alikaa mzima? Alizaliwa mnene, anacheka. Miezi sita hana hata homa. Nikaanza kumpa uji wa ulezi, na wiki ile ile mikono ikavimba, na miguu. Bibi yenu alisema ni uji wangu. Nimeelezwa hospitali kwamba ni kurithi, nimesikia. Lakini uji ule niliupika mimi."

Fransiska alimtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Miaka yote hiyo hakuwahi kuambiwa habari ya uji.

"Mama, mtoto mchanga anakuwa na himoglobini nyingine, ya kitoto. Inaisha polepole, ya kikubwa inachukua nafasi. Karibu miezi sita hivi."

"Na hiyo ya kitoto haina kishimo?"

Fransiska alijua kwamba damu ya kitoto inamlinda mtoto. Hata darasani alifundisha. Lakini ni wapi hasa inapomlindia, hakuwahi kupaangalia. Aligeukia kompyuta, akapakua ramani ya himoglobini ya kitoto, akailaza juu ya ile ya kikubwa. Sote tulisubiri. Viazi vilipoa.

"Hapa," alisema hatimaye. "Yesu wangu. Hapa, namba themanini na saba, kwenye mdomo wa kishimo. Kwa mkubwa kuna threonini. Kwa mtoto kuna glutamini, kipande kirefu zaidi. Kimesimama mlangoni, mama. Valini ikija, haipati pa kuingilia."

Mama Bertilla aliweka sinia chini. Alikuja, akagusa skrini kwa ncha ya kidole, pale pale.

"Kwa hiyo huyu ndiye alikuwa ananilindia mtoto."

"Huyu, na wenzake wachache."

"Akaondoka."

"Akaondoka kwa wakati wake. Ungempa uji, usingempa, angeondoka."

"Kwa hiyo si uji."

"Si uji, mama."

Yule mama alikaa chini kwenye mkeka, miguu mbele, akafunika uso kwa kanga. Hakulia kwa sauti. Kasimiri alikaa karibu naye, bega kwa bega, na suruali ya mteja bado iko begani.

Baadaye Kasimiri ndiye aliyeuliza. "Vile vidonge walivyonipa kliniki, vya kumeza kila siku hata kama siumwi. Vinafanya nini?"

"Vinaiamsha himoglobini ya kitoto," alisema Fransiska. "Si yote. Kiasi."

"Mbona hamkuniambia hivyo? Mimi niliona ni ujinga kumeza dawa nikiwa mzima, nikaacha."

Jumatatu alirudi kliniki mwenyewe, wakampima damu, wakamwanzishia upya. Sitasema alipona, maana selimundu haiponi kwa vidonge hivyo. Baridi iliyofuata ilimlaza, lakini mara moja tu, na hakuongezewa damu. Aliweza kushona sare za kwaya nzima ya parokia bila kurudisha kazi ya mtu. Fransiska alimaliza shahada yake. Mtihani wa mdomo aliufanyia kwenye maabara ya shule, kwa njia ya mtandao, na wanafunzi wakiwa wamejibana madirishani.

Mwaka huu Kasimiri ametaka kuoa. Mchumba wake ni Faith, muuza dagaa, binti wa kule ziwani. Kabla ya kupeleka posa alimwambia waziwazi ana nini kwenye damu, na Faith akasema, "Basi twende na mimi nikapimwe." Walikwenda wote watatu, Fransiska akiwa katikati kama mshenga. Majibu yalipotoka, Faith alikuwa hana valini ile kabisa.

Kasimiri aliishika ile karatasi akaisoma, akaisoma tena.

"Kwa hiyo wanangu wote watarithi valini kwangu."

"Upande mmoja," alisema Fransiska. "Upande wa pili watapata glutamati kwa mama yao. Hawataugua; ugonjwa unataka valini pande zote mbili."

"Watakuwa nazo zote mbili kwenye chembe moja?"

"Zote mbili."

Aliikunja karatasi, akampa Faith aiweke kwenye mkoba, wakatoka nje kwenye jua kutafuta mahali pa kula.