Wiki Sita za Mchonga Mawe wa Kitengela

Saa moja na robo asubuhi, mwanamke asiyejulikana na mtu anashuka kwenye machimbo ya mawe ya Kitengela, viatu mkononi. Nyundo zinanyamaza moja moja.

"Namtafuta Wanyonyi Makokha."

"Makokha! Umeoa wa pili na hutuambii?" Muthama, anayechonga naye bega kwa bega, anamchokoza. Machimbo yote yanacheka. Makokha anainamia jiwe lake.

Mgeni ni Jacinta Nalangu, muuguzi wa kliniki moja ya Kajiado. Makokha, mwenye miaka arobaini na mmoja, hajaonekana huko kwa miezi miwili. Anaugua unyogovu, ile huzuni isiyobanduka.

"Nilikuwa naamka, naangalia nyundo, nalia," anasema. "Mtu mzima! Watoto wananiangalia tu."

Kliniki ilimpa vidonge vya kila jioni. Akavimeza kama wachonga mawe wanavyomeza dawa ya mgongo: siku ya maumivu pekee. Kinywa kikakauka, kichwa kikawa kizito, akajiponda kidole gumba. Akaviacha.

Shemeji yake akampeleka kwa Judy Ngugi, mtabibu wa homeopathi. Huko alipewa vidonge vitamu, dawa iliyozimuliwa mpaka karibu hakuna kilichosalia. Lakini Judy alimsikiliza saa nzima.

"Hakuna mtu alikuwa ameniuliza naota nini," anasema.

Wiki mbili alijiona mwepesi. Ya tatu hakutoka kitandani, na mkewe, Apondi, aliogopa kumwacha peke yake.

Jacinta anaketi juu ya jiwe.

"Baba Melvin, dawa yetu si kama ya kuumwa kichwa. Inataka wiki nne, hata sita, kila siku. Hata ukijisikia poa."

"Na zile tamu, sista?"

"Utafiti haujaonyesha zinaponya huzuni hii. Kilichokusaidia kule nadhani ni kusikilizwa. Hapo sisi tulikukosea."

Anamwahidi nusu saa ya mazungumzo kila mwezi na dozi ndogo zaidi ya kuanzia. Makokha anakubali.

Hiyo ilikuwa Februari, 2006. Wiki ya tano, Apondi alimsikia akipiga mluzi akioga. "Nilizima redio nihakikishe," anasema.

Mwezi Juni, Muthama, yule mcheshi, alimvuta kando. Naye halali, naye chakula hakishuki. Makokha akamwahidi kumsindikiza Kajiado Jumatatu.

Jumatatu hiyo lori likaingia, likitaka mawe ya nyumba nzima, kazi ambayo Makokha alikuwa akiingoja tangu Krismasi.

"Kwani lazima uende leo?" dereva akafoka. "Niko na wachongaji wengine!"

"Basi wape," Makokha akajibu, akifunika nyundo kwa gunia. "Huyu akienda peke yake atarudia njiani. Mimi nilirudi nyumbani mara mbili kabla ya kufika."

Anatumaini siku moja muuguzi atakuwa akija machimboni kila mwezi. Kwa sasa, saa nne asubuhi ya Jumatatu hiyo hiyo, ameketi kwenye benchi la kliniki, kofia ya Muthama magotini. Muthama mwenyewe ameshaingia ndani kwa muuguzi, na mlango umefungwa.