Ufagio wa Majirani

Kwetu huku Msambweni mwanamke haambiwi msiba akiwa peke yake. Majirani humtangulia mleta habari. Huyu anakupokonya ufagio, yule anakutekea maji, mwingine anatandika mikeka. Ukiona hivyo umekwisha kuelewa.

Mjukuu wangu ni mwanajeshi, alikuwa amepelekwa Somalia. Asubuhi moja nafagia uani, jirani yangu akaingia, akanishika mkono, akauchukua ufagio. Nyuma yake wawili, na mikeka. Nikakaa pale pale mchangani. Kumbe walikuwa wameona gari la jeshi linakata kona ya kuja kwangu, wakapita vichochoroni wakalitangulia.

Gari lilipofika, akashuka mjukuu wangu mwenyewe, mzima.

"Shikamoo bibi. Mikeka ya nini?"

"Yako," jirani akanijibia. "Tumeshakuzika, baba. Kaa, ule wali wa matanga yako."

Tulicheka, na machozi yanatutoka. Yeye hakucheka.

"Sikai, bibi. Mwenzangu hakurudi. Mama yake yuko kule juu kwenye skimu ya mashamba, mtu wa bara. Ndiko tunakokwenda kumwambia."

"Ana jirani?"

"Shamba liko mbali na watu. Yuko peke yake."

Basi nikajifunga leso, nikapanda gari. Wangu nilikuwa nimerudishiwa, ningekaaje?

Nikawaambia wasimame mbali kidogo, nitangulie mimi. Nikamkuta yule mama anafagia mlangoni. Nikamsalimu vizuri, nikauchukua ufagio wake.

Akacheka, akaniita bibi kwa lugha ya kwao. "Shosho, kwani uchafu wangu umekukosea nini?"

Hakujua, maskini. Kwao hawafanyi hivi. Nami nikawa nafagia tu, mpaka nikasikia kicheko kimekatika.

"Ni kijana wangu?"

Nikauweka ufagio chini, nikamkumbatia, tukakaa chini pamoja. Ndipo wale askari wakaja.

Siku hizi yule mama ni mwenzangu. Huniletea viazi, nami humpa samaki, na kila mara tunabishana ni nani mpishi. Jina lake silisemi hapa, lakini kwenye dua zangu haliachwi. Akija, huanza kuniita kwa sauti tangu barabarani, ili nijue ni matembezi tu. Ufagio wangu haugusi, nami wake siugusi. Majani yakianguka uani tunayaacha, tunakunywa chai.