Mashine Iliyoombewa

Juzi nilikaa kortini Kericho, nyuma ya mama aliyekatwa vidole viwili na mashine ya kusaga majani chai iliyokosa kifuniko. Msimamizi wa kiwanda alikana kwamba walizembea.

"Mheshimiwa, hiyo mashine tulikuwa tunaiombea kila asubuhi kabla ya kuiwasha."

Wakili wa mama akauliza polepole, "Na zile zingine?"

"Hapana. Hizo hazina shida."

Hakimu akaacha kuandika, akamtazama. Sheria haidai mtu azuie kila ajali; inauliza kama uliiona hatari, na ukafanya nini. Huyu alimtajia Mungu hatari hiyo kila siku. Lakini hakumtajia fundi hata mara moja.

Mama akavuta leso juu ya mkono wake. "Na mimi nilikuwa naitikia amina," akasema, bila kugeuka.