Mfuniko wa Tanuri

Mimi na mume wangu tulikuwa tunasubu sufuria hapa Morogoro, upande wa kwenda Mazimbu. Yeye anayeyusha aluminiamu chakavu na kumimina. Mimi nazungusha feni ya kuvuvia mkaa, ile ya kuungaunga kwa rimu ya baiskeli. Miaka kumi na minne. Bega la kulia likaisha, hata kujitanda kanga naona kazi.

Mwaka jana nikachoka kabisa. Maharage tu nayafunika ili yaive upesi. Yeye anayeyusha pistoni za magari tanuri likiwa wazi, joto lote linapaa kwenda Uluguru! Nikamwambia tujenge ukuta mnene, tuweke na mfuniko. Akasema kazi mbaya si mchezo mwema, nizungushe tu. Jamani, mwanamume yule!

Nikajenga mwenyewe, kwa udongo wa kichuguu na pumba za mpunga. Mfuniko nikautengeneza kwa bati zito, nikaukandika udongo huohuo. Tulipowasha, mkaa haukufika nusu ya kawaida, na bega langu likapumua.

Lakini sufuria zikatoka na matundu. Alikuwa anamimina kabla aluminiamu haijaiva. "Ni huo mfuniko wako," akanilaumu. Siku ya tatu nikaufunua. "Haya, tazama. Chungu cha kuyeyushia kina rangi gani?"

Akainamisha shavu juu ya moto, kama alivyofanya siku zote. Mimi nilidhani ndio ufundi wenyewe.

"Chekundu," akasema.

Kilikuwa cheusi tii.

Nikaacha kuzungusha. Nilipombana akakiri: ukungu ulimwingia machoni zamani, vitu anaviona kivulivuli, rangi hazioni. Alikuwa anasubiri shavu limuungue ndipo ajue imeiva. Ndiyo maana tulichoma mkaa wote ule, na mimi nikazungusha mpaka bega likafa. Na sasa mfuniko ukifunuliwa tu, joto lililofungiwa linamchoma shavu kabla ya wakati. Nilikasirika.

"Na ungenimwagia miguuni?"

"Ningekwambia, ungenitoa kwenye tanuri," akasema. "Halafu mimi ningekuwa nani?"

Nikachukua koleo mkononi mwake. Akapapasa kigoda changu, akakaa, akaanza kuzungusha.

"Kimekuwa chekundu?"

"Bado."

"Na sasa?"

Nikamwambia bado, machozi yananitoka. Kilikuwa chekundu tayari, ila sikuweza kumimina mbele yake.