Siku Mtani Alipomwamkia Mama

Huku kwetu Tabora mtani akikwambia utakufa, unacheka. Ndivyo tulivyolelewa. Wazee wetu Wanyamwezi waliotembea na mizigo mabegani kwenye njia ya misafara, kutoka hapa hadi pwani, walizoeana na Wazaramo wa kule hadi wakapeana ruhusa ya kutukanana bila kununiana, na ruhusa hiyo tumeirithi. Mzaramo anaweza kuingia jikoni kwa Mnyamwezi, akafunua sufuria, akala, akasema chakula kibaya, na mwenye nyumba akamshukuru kwa kuja.

Jirani yetu wa hapa mtaa wa Cheyo ni mtani wa namna hiyo. Ni nesi wa zahanati, mzaliwa wa pwani, umri wake kama wangu, na tangu ahamie upande wa pili wa ukuta wetu hakuwahi kumpa mama yangu shikamoo. Alimwita "mpagazi wangu". Akipita na kikapu chake alimuuliza mzigo ameutua wapi, na mama alimjibu kwamba ameuacha pwani chini ya mnazi, wavivu wameulalia.

Nayaeleza haya kwanza kwa sababu bila kuyajua hutaelewa kosa langu.

Mwaka jana, mwezi wa tano, kabla ya kipupwe, nesi alituletea habari ya chanjo ya mafua. Chanjo hii haimo katika zile tunazowapelekea watoto kliniki. Wengi hapa mjini waliisikia kwa watu wanaokwenda kuhiji. Yeye alijua inakopatikana, na alimtaka mama achanjwe, kwa kuwa mama ana zaidi ya miaka sabini na pumu ni mwenzake wa siku nyingi.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, kueleza ndiyo kazi yangu, basi nilieleza. Kwenye kundi la familia katika simu niliandika kwamba neno letu "mafua" limebebeshwa mizigo miwili. Upo ule wa pua kuchuruzika siku tatu ukapona, na ipo homa ya mafua yenyewe, inayomwangusha mtu mzima kitandani na kumwelemea mzee au mgonjwa wa kifua. Niliandika kwamba virusi vyake hubadilika kila mara, kama mtu anayebadilisha kanzu ili asitambuliwe, ndiyo maana chanjo hurudiwa kila mwaka. Sikuficha kwamba aliyechanjwa bado anaweza kuugua. Nilisema tu kwamba mara nyingi ugonjwa humjia mwepesi zaidi.

Kaka yangu, mkulima wa tumbaku huko Urambo, alijibu kwa ujumbe wa sauti, tena mrefu. Mafua tumeugua tangu utotoni, alisema, na hakuna aliyezikwa. Wakati wa corona tuligombana hadi tukachoka, sasa mnataka kuanza upya? "Na hii ya kila mwaka," akamalizia, "ni chanjo au ni ada?" Watu walicheka. Nilimjibu kwa upole, hatua kwa hatua. Yeye akatuma picha ya tangawizi na ndimu. Mwishowe wengi waliandika "asante mwalimu", nikajiona nimeshinda.

Lakini mama sikumpeleka.

Nesi alikuja mwenyewe kumshawishi, na alikuja kwa lugha yake. "Mpagazi wangu, kachanjwe. Ukinifia kwa mafua nitawaambia nini watu wa pwani? Kwamba Mnyamwezi aliyebeba pembe za ndovu kaangushwa na kamasi?"

"Nikifa njoo ulale kaburini uzuie jeneza hadi ulipwe, kama watani wote mazikoni," mama akamjibu. "Ndiyo kazi pekee unayoiweza."

Tulicheka sote, nami nikasema tutakwenda mitihani ikiisha. Yale maneno yalikuwa onyo, na mimi niliyapokea kama utani. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulitamka. Niliogopa. Nikimpeleka akadhurika, mkono uliompeleka ni wangu. Tukikaa tu nyumbani, hakuna mkono wa mtu.

Mwezi wa saba upepo wa baridi ulianza kuvuma na vumbi lake. Darasani nusu ya watoto walikuwa wakikohoa. Alhamisi nilirudi nyumbani viungo vikiniuma, nikalala siku mbili, Jumapili nikaamka nafuu. Jumapili hiyohiyo mama akaanza kukohoa.

Jumanne alikuwa na homa kali. Dawa yake ya kuvuta, ile ya pumu, haikumpa nafasi ya kupumua kama siku zote. Kaka alipiga simu akasema nimfukize. Nilichemsha mwarobaini na mchaichai, nikamfunika blanketi na sufuria ya mvuke mbele yake, kama tulivyofukizwa sisi utotoni. Alipolifunua blanketi alikuwa amelowa jasho, akataka maji. Hakuweza kulimaliza neno. Alisema "ma", akavuta pumzi, akasema "ji".

Nilisimama na sufuria mkononi. Mapafu nimeyachora ubaoni miaka mingi, najua kila tawi lake, na saa ile sikukumbuka hata moja. Nilijua tu kwamba ugonjwa ule niliuleta mimi kutoka darasani.

Niliita juu ya ukuta. Ilikuwa alasiri, na nesi alikuja akiwa bado na sare za kazi. Mama alipomwona alijikusanya. "Umekuja," akapumua, "kupima," akapumua tena, "kaburi."

Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, nikingoja jibu. Nesi alipiga goti kwenye mkeka, akaushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, mama."

Mama alimtazama. "Marahaba," akasema, kisha akanigeuzia macho mimi. Yeye ndiye aliyeelewa kwanza. Mimi nilielewa nilipoyaona macho yake.

Nesi alitazama saa yake na kifua cha mama, akahesabu pumzi. "Mwalimu, tafuta bajaji sasa hivi. Usimlaze. Mkalishe hivihivi."

Hospitalini, Kitete, walimvisha barakoa ya oksijeni na kumbana kidoleni kile kipimo kinachoonyesha namba ya oksijeni mwilini. Daktari alinieleza taratibu kwamba homa ya mafua ilikuwa imefungua mlango na kichomi kikaingia, na pumu imefanya njia kuwa nyembamba zaidi. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Siku zile nilitazama namba ile kuliko uso wa mama yangu. Ikishuka kidogo, nami nilisahau kupumua.

Kaka alifika kutoka Urambo, nguo zikinuka tumbaku, akakaa nami kwenye benchi. Kisha alisema, "Ungemchanja halafu akaugua hivi, ningekulaumu."

"Najua. Ndiyo maana sikumchanja."

Alivua kofia akaiweka gotini. Kama chanjo ingemkinga, hakuna wa kutuambia.

Nesi alikuja kila saa ya kuwaona wagonjwa. Siku ya kwanza: shikamoo, mama. Ya pili: shikamoo, mama. Ya tatu vilevile, tena kwa sauti ya chini zaidi. Nilifika mahali pa kulichukia amkio hilo. Nikisikia viatu vyake ukumbini nilikuwa naomba atukane.

Siku ya nne alisimama miguuni pa kitanda. Akatazama namba, akamtazama mama, akatazama namba tena. Nilishika chuma cha kitanda.

"Mpagazi wangu," akasema, "umejilaza hapa kama bibi harusi, na mzigo wangu nani anaubeba?"

Mama aliisogeza barakoa kwa kidole. "Ubebe mwenyewe, mla nazi." Alilisema lote kwa pumzi moja.

Nilitoka nje ili nisilie mbele yao. Kaka alikuwa ameshatangulia.

Mwaka huu, mwezi wa tano ulipofika, nilianza kumweleza mama upya habari ya virusi na kanzu zao. Alinikatiza.

"Nipeleke tu, baba. Sitaki yule aniamkie tena."

Alichanjwa, nami nikachanjwa, mkono ukatuuma siku moja. Kaka hakuchanjwa, lakini hakutuma picha ya tangawizi. Ningependa kusema hofu imekwisha. Haijaisha. Kipupwe kimeingia, watoto wanakohoa, na nikiamka na koo linalokwaruza navaa barakoa na kula chumbani peke yangu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nachelewa kidogo karibu na ukuta, hadi nimsikie nesi akipita na kumtukana mama yangu.