Mwaka Ambao Kurrawin Haikupata Bingwa

Dada yangu Elvie tulimzika Alhamisi iliyopita. Baada ya mazishi watu walikuja kwenye klabu yetu ya tenisi hapa Kurrawin kunywa chai, na vijana wakasimama mbele ya ubao wa mabingwa, ule wenye majina ya rangi ya dhahabu tangu mwaka 1889. Mmoja wao aliniuliza kwa nini mwaka 1957 hauna jina. Miaka ya vita anaielewa, alisema, lakini 1957 kulikuwa na vita gani? Nilimwambia asubiri, nitamwandikia. Leo Mungu amenipa utulivu kidogo, nami naandika. Siwezi kuueleza mwaka ule bila kumweleza Elvie.

Elvie alikuwa mwoga. Silisemi hili kwa ubaya, maana yeye mwenyewe angelisema kabla yangu. Aliogopa nyoka, radi, mbwa wa watu, daraja la mbao, na simu ikilia wakati usio wa kawaida. Alipokuwa msichana mpira ulimpiga mdomoni ukamvunja jino, na tangu hapo hakushika tena raketi.

Lakini kwetu huwezi kukaa pembeni mashindano yakifika. Waliyaanzisha wachimba dhahabu wa kanisa letu la Methodisti, wazee waliotoka Cornwall, ambao hawakunywa pombe wala kucheza karata, wakatafuta mchezo usio na dhambi. Mgodi ulipojaa maji ukafungwa, waliweka pampu kwenye shimo lake, na maji hayo ndiyo yaliyootesha nyasi. Ukame ungeweza kuikausha wilaya nzima ikawa na rangi ya mkate, viwanja vyetu sita vikabaki kijani. Mwanzoni walifungia kondoo humo ili wazipunguze nyasi, na wanawake walicheza na sketi zinazofagia chini. Jumapili hakuna aliyethubutu kugusa mpira, ndiyo maana fainali ikawa Jumamosi, kila Januari, jua likiwa kali kuliko siku zote. Kila ukoo ulikuwa na kazi yake. Sisi kina Trevena tulipika skonzi. Elvie, ambaye mikono yake ilitetemeka mno kumimina chai, wakamfanya mwamuzi.

Kiti cha mwamuzi kilikuwa kirefu kama ngazi ya kuchumia matunda, na kiti hicho nacho alikiogopa. Alipanda macho yamefumbwa, midomo ikicheza. Mimi nilijua anaomba. Akishakaa huko juu alikuwa mtu mwingine kabisa. Akisema "Nje," ilikuwa nje, hata kama aliyepiga mpira ana kondoo elfu tano.

Miaka miwili kabla ya huo ninaousimulia, Elvie aliona wingu la rangi ya udongo nyuma ya miti ya mikaratusi, akasimamisha nusu fainali na kupiga kelele, "Moto!" Watu walikimbia, wengine wakaanguka kwenye ua. Kumbe ni kondoo wanahamishwa, wanatimua vumbi barabarani. Tangu siku hiyo, kila Elvie alipopanda kitini, kuna aliyelia "Mee!" kutoka nyuma, na watu wote wakacheka. Alicheka nao, lakini baadaye mumewe Clarrie aliniambia kwamba usiku nyumbani hakucheka.

Siku ya fainali ya 1957 upepo ulikuwa unatoka kaskazini, mkavu, ukiingia puani kama hewa ya tanuri. Baada ya chakula cha mchana Clarrie alikuja kwenye banda letu la chai kuchukua kipande cha nyama baridi.

"Naenda kumleta mama," alisema. "Asubuhi alikataa kuja kwa sababu ya kuku wake anayeatamia. Akikosa fainali atanung'unika mpaka Pasaka."

Elvie alimshika mkono wa shati. "Clarrie, usiende. Upepo huu siupendi."

"Mke wangu, upepo gani umewahi kuupenda?"

"Basi twende wote."

"Na nani apande kile kiti? Watamweka mzee Perce, na Perce hasikii wala haoni. Shemeji, mwambie dada yako."

"Nenda urudi haraka, shemeji," nikasema, "na kuku umlete, tumpe skonzi zilizoungua."

Akaondoka na gari lake la mizigo kwa barabara ya kaskazini. Barabara yenyewe ndiyo hiyo moja tu. Inatoka klabuni, inapita katikati ya msitu wa mikaratusi, halafu inagawanyika, mkono mmoja mjini na mwingine shambani kwa kina Tregear, yaani kwa Clarrie.

Fainali ilikuwa kati ya Gwenda Hocking na msichana mmoja aliyetoka wilaya ya jirani. Gwenda alikuwa bingwa mara tatu na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mpira wake. Walikuwa kwenye seti ya tatu nilipotoka bandani na sinia, nikamwangalia dada yangu. Hakuwa akitazama mpira. Alikuwa akitazama juu ya misonobari ya ua, upande wa barabara. Kutoka chini hatukuona kitu. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa juu kiasi cha kuona.

Baadaye aliniambia kwamba alikuwa ameona doa la kahawia angani mapema zaidi, akajiambia ni kondoo. Akajiambia tena. Aliogopa moto, na aliogopa kuchekwa, na kwa muda hofu hizo mbili zilivutana.

"Mchezo umesimama," akasema.

Gwenda alishusha raketi. "Elvie, hebu tuambie, safari hii ni kondoo wangapi?"

"Mee!" mtu akalia. Wengine wakapokea, "Mee! Mee!" mpaka watoto.

"Mchezo umesimama, Gwenda. Kuna moshi."

"Niko mbele, halafu ndiyo unaona moshi?"

Hapo jani likaanguka. Lilikuwa jani la mkaratusi, refu, jeusi tii, na umbo lake lote bado limekamilika. Lilishuka polepole likatua juu ya mstari mweupe wa nyuma. Gwenda alilisukuma kwa ncha ya raketi, likawa unga. Hakuna aliyelia tena kama kondoo. La pili likaanguka, halafu mengi, na moja lilikuwa na ukingo mwekundu.

Fainali ilikoma hapo na haikumalizwa kamwe.

Watu walikimbilia langoni, maana magari yalikuwa nje, yamepangwa kando ya uzio. Wanaume waliita wake zao, wanawake walihesabu watoto. Perce Uren, mzee aliyesimamia viwanja, alikuwa amesimama langoni na mnyororo mkononi, ule tuliofungia lango usiku ili kangaruu wasiingie kula nyasi. Alikuwa anawaachia njia.

Elvie hakuwa ameshuka. Alisimama juu ya kiti, yeye aliyekuwa hawezi kusimama juu ya kigoda.

"Msitoke!" akasema kwa ile sauti yake ya kiti. "Moto umeshavuka barabara. Nauona. Uko pande zote mbili za barabara. Mkiingia msituni hamtoki."

"Tutaupita!" mwanamume mmoja akajibu.

"Huupiti. Rudini viwanja vya nyuma, kumelowa."

Ni kweli kulikuwa kumelowa. Siku ya fainali hakuna anayecheza viwanja vya nyuma, na Perce alikuwa amevifungulia maji tangu asubuhi.

"Perce," Elvie akaita, "funga lango."

Perce akasikia safari hii. Alimtazama. "Elvie, Clarrie yuko nje."

"Najua yuko nje."

"Na mama yake."

"Funga, Perce. Ukiliacha wazi watatoka wote. Funga!"

Nilikuwa chini ya kiti chake. Niliuona mnyororo ukizungushwa na kufuli likibanwa, nikapanda ngazi ya kiti kumfuata dada yangu. Nilimshusha kama mtu anavyomshusha mtoto mtini.

Tuling'oa turubai la banda la chai, tukalilowesha, tukalivuta mpaka kiwanja cha tano, tukaingia chini yake watu wote, kifudifudi kwenye nyasi zilizolowa. Umeme ulikatika na pampu ikanyamaza. Halafu kukawa giza, giza la mchana, na ngurumo kama ya treni isiyokwisha kupita. Misonobari ya ua ililipuka mmoja baada ya mwingine. Turubai lilianza kutoa mvuke. Nilibana mdomo kwenye majani nikavuta hewa iliyokuwa mle chini. Mtu alianza wimbo wa kanisani, akakohoa, mwingine akaupokea. Gwenda Hocking alikuwa kushoto kwangu, ameshika mkono wa mtoto asiye wake, akirudia jina la Yesu tu, bila kuongeza neno.

Elvie alikuwa kulia kwangu. Alisogeza mdomo sikioni mwangu.

"Nance, nimelifunga mimi?"

"Perce ndiye aliyefunga, dada."

"Lakini aliyesema ni mimi."

Ndipo tuliposikia honi.

Ilitoka langoni. Ilikuwa honi ya gari, moja, ndefu, isiyokatika, kama mtu amelalia usukani. Kila mmoja chini ya turubai aliisikia, kwa sababu wimbo ulikatika. Elvie alianza kutambaa. Nilimlalia mgongoni. Perce alimshika miguu.

"Ni yeye!" Elvie akasema. "Yuko langoni! Niacheni nikafungue!"

"Ukitoka utakufa, Elvie," Perce akasema.

"Anapiga honi! Hamsikii anapiga honi?"

Alikuwa mwembamba, lakini tulimzuia kwa shida, mimi na mzee yule, naye akapigana nasi kwa viwiko na kichwa. Nilimwomba Mungu mambo mawili kwa wakati mmoja, honi ile inyamaze, na isinyamaze. Ikaendelea. Halafu ikapungua, ikawa kama mlio wa ng'ombe aliye mbali, ikakatika. Elvie akaacha kupigana. Alilala pale amelegea kabisa, na hilo liliniogopesha kuliko moto wenyewe.

Sijui tulikaa muda gani. Ngurumo ilipopita tuliinua turubai. Nyumba ya klabu ilikuwa inawaka pamoja na ubao wa mabingwa, ambao tuliuandika upya baadaye, kiti cha mwamuzi kilikuwa kinafuka moshi, ua haukuwapo. Lakini nyasi tulizolalia zilikuwa kijani, na watu wote walikuwa hai, weusi kwa masizi, wakitafutana kwa majina.

Elvie alikwenda langoni. Perce alimfuata na ufunguo akisema, "Ngoja, chuma cha moto," naye hakungoja. Alishika mnyororo kwa mikono mitupu na ngozi ya viganja ikabaki juu yake. Nje magari yalikuwa mabati matupu yamekaa juu ya ringi. Alikwenda gari hadi gari akiinama kutazama ndani. Nilikuwa nyuma yake na sikutaka kutazama, lakini nilitazama. Hakukuwa na mtu ndani ya hata moja. Lililokuwa karibu zaidi na lango lilikuwa la akina Hocking. Gari la mizigo la Clarrie halikuwapo.

"Basi ameungulia barabarani," Elvie akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Hakukubali kufungwa viganja. Alisimama katikati ya barabara, miti ikiendelea kuanguka huku na huku, na kila mti ulipoanguka alishtuka, lakini hakusogea.

Jua lilikuwa limeshuka, jekundu kama jeraha, tulipoona kitu kinakuja kwenye moshi. Kilikuwa kinayumba. Kilikuwa mtu anasukuma toroli. Clarrie hakuwa na nyusi wala nywele za mbele, na ndani ya toroli alikaa mama yake, amejifunga blanketi lililolowa, na kuku mapajani.

"Elvie, mwanangu," bibi yule akasema, "fainali imekwisha?"

Walikuwa hawajaondoka shambani. Kuku alikataa kukamatwa, bibi akakataa kuondoka bila kuku, wakagombana mpaka moto ukawafikia, wakaingia kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe na kukaa maji shingoni, blanketi kichwani. Gari liliungua kwenye banda la shambani.

Nilidhani Elvie atamkumbatia. Alisimama mbele yake, mikono imening'inia, damu ikidondoka kwenye vidole.

"Clarrie, nilikufungia lango."

"Lango gani?"

"Nilimwambia Perce afunge. Wewe ukiwa nje."

"Mke wangu, nilikuwa bwawani na mama na kuku. Sikuwa langoni."

"Ungekuwapo, ningekuwa nimekufungia."

Clarrie alimtazama, akatutazama sisi wote tuliotoka wazima, tumesimama nyuma ya mkewe, watu karibu mia na watoto wao. "Ulifanya vizuri," akasema.

"Usiseme hivyo," Elvie akajibu. "Usiniambie hivyo hata siku moja."

Naye Clarrie hakusema tena. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, kifua kikimsumbua kila kiangazi, na wakalea watoto wanne. Mchungaji alisema Alhamisi kwamba Elvie aliwaokoa watu wa Kurrawin, na ni kweli, namshukuru Mungu kwa hilo, na namwomba ampe sasa pumziko ambalo hapa hakulipata.

Wiki yake ya mwisho nilikaa naye hospitalini. Alikuwa akilala na kuamka. Aliamka ghafla akanishika kwa kiganja chake chenye makovu.

"Nance, naisikia honi."

"Dada, ilikuwa waya. Gari la akina Hocking lilikuwa linaungua, waya zikagusana, honi ikalia yenyewe. Perce alitueleza."

"Najua ni waya," akasema. "Lakini siku ile sikujua."